Maswali na majibu: Tiger Moth ya kujiundia, kuanzia mchoro hadi nyaya

Maswali ya safari hii yote yanahusu ndege za zamani zenye bawa la juu na bawa la chini.

Nataka kuunda modeli ya ndege ya aina hiyo iliyowahi kutua hapa kwetu Dodoma. Ipo? (Msomaji, Area C)

Ipo. Januari 1932 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipofungua safari ya London hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa kituo kati ya Moshi na Mbeya. Kipande hicho cha kusini kilirukwa na de Havilland DH.66 Hercules, ndege ya injini tatu za Bristol Jupiter. Zilitengenezwa 11 tu. Upana wa mabawa yake ni mita 24.23, yaani sentimita 33.7 kwa skeli ya 1:72 (modeli ikiwa ndogo mara 72 kuliko ndege halisi).

Ila usianze nayo. Ina nguzo nyingi mno za kuunganisha bawa la juu na la chini, na kosa la milimita moja kwenye nguzo moja linahamia kwenye zote. Anza na ndege ya mafunzo ya Uingereza, Tiger Moth DH.82A. Tiger Moth ya kwanza iliruka tarehe 26 Oktoba 1931. Mabawa yake ni mita 8.94 na urefu wake mita 7.29. Kwa 1:48 unapata milimita 186 kwa 152. Kwa 1:24, milimita 372 kwa 304. Kwa kazi ya kwanza tunapendekeza 1:24, kwa sababu vidole bado vinapenya katikati ya mabawa.

Ukipeleka mchoro wa ndege kwenye duka la fotokopi ukuzwe, chukua rula. Mchoro wenye mabawa ya milimita 140 unahitaji kukuzwa asilimia 266 ufike 1:24. Mashine ikigoma kuvuka 200, kuza kwa 163 mara mbili. Kisha pima upana na urefu pia, maana baadhi ya mashine huvuta karatasi upande mmoja zaidi ya mwingine.

Mbao nyepesi za balsa sizipati Dodoma. Nitumie nini? (Msomaji, Kizota)

Plastiki. Tafuta vikopo vya mtindi na sahani za kutupa zenye pembetatu yenye namba 6 chini yake. Hiyo ni polistirini: inakatika kwa wembe, inakubali msasa na inashika gundi. Yenye namba 5, 2 au 4 iache, supagluu itabanduka tu. Kadi za benki zilizokwisha muda zina unene wa milimita 0.76 na zinafaa kwa kuta za bodi, yaani kiwiliwili cha ndege. Nguzo zichongwe kwa vijiti vya mishikaki, visuguliwe kwa msasa namba 240 hadi umbo liwe kama tone la maji ukilitazama kutoka juu: duara mbele, jembamba nyuma.

Bawa lina mgongo uliopinda. Kata kipande, kifunge kwa utepe juu ya bomba au chupa yenye mviringo mpana, mwagia maji yaliyotoka kuchemka, subiri dakika moja, kisha maji baridi. Ukifungua mapema plastiki itarudi ilivyokuwa. Alama za mbavu, yaani vipande vya ndani ya bawa vinavyoshikilia kitambaa, zitoe kwa vipande vya utepe mwembamba chini ya praima (rangi ya msingi), halafu msasa namba 600 mpaka zikaribie kupotea. Wengi huzikuza hadi bawa linafanana na bati la paa. Kitambaa cha ndege halisi kinabonyea kidogo sana kati ya ubavu na ubavu.

Shikamooni mafundi. Bawa langu la juu limekaa upande. Nimelibandua mara mbili, bado. Tatizo ni nini? (Mwanafunzi, Chamwino)

Marahaba. Tatizo ni mpangilio, na pengine supagluu. Supagluu ikishashika huna nafasi ya kusogeza, nawe hapa unahitaji dakika kumi za kusogeza.

Kwanza kata nguzo zote za aina moja kwa pamoja. Gongelea vijiti viwili kwenye ubao kama vizuizi, laza kila nguzo katikati yake, kata. Usipime moja moja kwa rula. Kila ncha ya nguzo ichomeke kipande cha waya wa milimita 0.5 kinachojitokeza milimita 1.5, na bawa litobolewe tundu lake. Gundi peke yake haibebi mzigo.

Kisha kata kadi ngumu mbili zenye umbo la pengo kati ya mabawa likitazamwa ubavuni, na kila kadi iwe na mfereji wa kushika bawa la juu na la chini. Bawa la juu la Tiger Moth limetangulia mbele ya la chini, na mabawa yote yamerudi nyuma kuelekea ncha. Kadi ndiyo inayolinda pembe hizo, macho yatakudanganya. Simamisha kadi pande zote mbili, weka bawa la juu bila gundi, pima kutoka kila ncha hadi mwisho wa mkia. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya milimita moja, usiendelee. Pima pia kutoka mezani hadi kila ncha.

Hapo ndipo gundi inaingia: nguzo fupi za katikati, zinazobeba tangi la mafuta, kwa epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) ya dakika 30. Ziache usiku mzima. Za pembeni zifuate kesho yake. Ukianza na za pembeni, za katikati zitalazimishwa na bawa litapinda, kama lako.

Nyaya za kati ya mabawa nitumie uzi gani, na nazikazaje? (Msomaji, Kondoa)

Mshipi wa nailoni wa kuvulia wa milimita 0.12 kwa 1:48, au 0.20 kwa 1:24. Uzi wa pamba una manyoya na unavuta vumbi. Kabla ya kuanza elewa kila waya unafanya nini. Unaotoka chini ya bodi kwenda bawa la juu huzuia mabawa yasinyanyuke hewani. Unaoshuka kutoka katikati ya bawa la juu kwenda bawa la chini hubeba uzito wake ndege ikiwa chini. Ukijua hivyo huwezi kuuelekeza kinyume.

Toboa kabla ya kupaka rangi. Gundisha ncha moja, ikauke, pitisha nyingine kwenye tundu la pili, ining'inizie kibanio cha nguo, tia tone la supagluu, kata. Fanya kushoto kisha kulia, kutoka katikati kwenda nje. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, mabawa yatavutwa huko. Uliolegea ukaze kwa kupitisha kijiti cha udi kinachowaka karibu nao, bila kuugusa; nailoni hujivuta kwa joto. Sekunde moja ya ziada inaukata.

Rangi yangu ya kupuliza inakauka ikiwa na chembechembe kama mchanga. (Msomaji, Kongwa)

Ni mambo mawili. Vumbi, na hewa kavu: kuanzia Mei hadi Novemba matone hukauka kabla hayajafika kwenye plastiki. Sogea hadi sentimita 15, pulizia ndani ya katoni kubwa iliyolazwa ubavu, asubuhi kabla upepo haujaanza. Pulizia tabaka tatu nyepesi. Rangi za magari huyeyusha polistirini, kwa hiyo anza na praima na ujaribu kwenye kipande cha kutupa.

Hewa hiyo kavu pia inachelewesha supagluu, kwani hukauka kwa unyevu. Usiongeze gundi, pumulia kiungo mara moja na usubiri. Na modeli isihifadhiwe karibu na bati la paa lisilo na dari. Mabawa yatapinda mchana mmoja.

Nina seti ya vipande vya kuunda Tiger Moth ya 1:72. Naweza kuigeuza iwe Gipsy Moth? (Msomaji, Mpwapwa)

Inawezekana, lakini mabawa utayaunda upya. Ya Gipsy Moth DH.60G hayajarudi nyuma kama ya Tiger Moth, na upana wake ni mita 9.14, yaani milimita 127 badala ya 124. Nguzo za katikati kwenye Tiger Moth zilisogezwa mbele ili aliye kiti cha mbele aweze kutoka na parachuti. Kwako zirudi nyuma, zikizunguka kiti hicho. Injini nayo igeuzwe: ya Tiger Moth silinda zinatazama chini, ya Gipsy Moth zimesimama na vichwa vyake vinaonekana juu ya pua. Vichwa hivyo vinne vitoe kwa waya wa shaba wa koili uliozungushwa kwenye sindano. Kata pua nzima ya seti. Kuichonga kidogo kidogo hakutakufikisha.

Modeli hii ya Tiger Moth itaruka? (Msomaji, Nkuhungu)

Hii hapana. Ni nzito, na mabawa yake hayakujengwa kubeba uzito huo.