Mzee, usivifungie kabatini

Shikamoo mzee. Umesema ni wiki ya pili tangu upewe vifaa vya kusikia, sahani zinakupigia kelele, sauti yako inatoka kama uko ndani ya pipa, na umeshachoka. Baba yangu alikuwa kikosi cha mizinga Vita vya Kagera, naye alilalamika hivyo hivyo.

Mlio wa mizinga huharibu masikio, na huanza kula sauti nyembamba: s, f, t, na sauti za wajukuu. Ubongo umezikosa miaka mingi, leo zimerudi zote kwa mkupuo. Anza saa mbili tatu kwa siku, nyumbani kukiwa kimya, ukiongea na mtu mmoja, kisha uongeze. Harusini utaenda navyo baadaye. Pipa lisipopungua, rudi kwa aliyekupima avirekebishe; usione haya, ndiyo kazi yake.

Kifaa kikipiga mluzi, ama hakijakaa vizuri sikioni ama kuna nta. Kifute kwa kitambaa kikavu, maji hapana. Jasho ndilo adui mkubwa: usiku fungua kimlango cha betri, ukiweke kifaa kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. (Vile vya kwenye viatu vipya kwa kawaida vimeshachoka, baba alijaribu.)

Betri zile za kitufe zenye kibandiko, ukikibandua iache dakika moja hivi ipate hewa ndipo uiingize. Na uzifiche mbali na wajukuu. Akimeza mtoto, hospitali saa hiyo hiyo.