Madogo mnaoandika michezo Mtwara, kabla hamjatuma ulizeni kwanza: wamepima?

Jumapili nilikuwa uwanja wa Nangwanda, upande wa jua kwa sababu za kiuchumi, naangalia mechi ya ndondo. Dakika ya 88 dogo mmoja wa kwetu (simtaji, anajijua) akapost "Mpira umekwisha, 1-0, kaa nasi kwa uchambuzi." Dakika ya 92 kona, kichwa, 1-1. Nikamwona anahangaika na simu kama mtu aliyeshika kaa la moto. Refa anapuliza, nikamsogelea nikamuuliza vipi tena, akanijibu bila hata kuniangalia, "Si nimefuta kaka?"

Nimefuta. Hilo neno nimelala nalo siku tatu, nikaona bora niandike. Sio kwamba nawachukia, nawapenda sana na wengine mmekunywa chai yangu, ila mnarudia makosa yaleyale niliyoyafanya mimi mwaka 2003, na mimi sikuwa na kitufe cha kufuta.

1. Majina kwanza, maneno baadaye.

Fika uwanjani mapema, chukua lainapu kwa meneja wa timu, hakikisha namba za jezi kabla hawajabadilishana. Basi, hiyo pointi imeisha. Lakini ngoja niwaambie niliitoa wapi.

Dawati la michezo kule Dar kulikuwa na mzee mmoja mhariri ambaye ujana wake alifanya kazi Nairobi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ukurasa wa farasi. Ndiyo, farasi. Mtajua kule wana uwanja wa Ngong, watu wanaenda Jumapili kuangalia mbio na kubeti. Sisi tulikuwa tunamcheka sana, maana hapa Mtwara hata punda ni wa kumtafuta, sasa farasi atatusaidia nini. Siku moja akanionyesha kipande cha gazeti la zamani amekihifadhi kwenye faili, ukurasa mzima maandishi madogo kama mchanga, majina ya farasi, joki (yule anayempanda), mkufunzi, uzito aliobeba, na pembeni ya kila jina namba zimepangana: 3120P. Nikamwambia mzee hii si namba ya simu? Akacheka mpaka akakohoa.

Kumbe ile ndiyo historia nzima ya yule farasi. Unasoma kutoka kushoto, ya mwisho kulia ndiyo mbio yake ya karibuni. Alikuwa wa tatu, akaja wa kwanza, akaja wa pili, ile sifuri maana yake alimaliza nje ya tisa bora, na P maana yake joki alimsimamisha njiani hakumaliza. F angekuwa ameanguka. Herufi na namba tano tu, na mtu aliyekaa kijiweni na kalamu ya risasi anaamua pesa yake iende wapi. Akaniambia, "Wewe unaniletea aya nne za 'nyasi ziliwaka moto', halafu mfungaji humjui jina la pili."

Sikuwa na jibu. Nyasi zenyewe zilikuwa ni mchanga.

2. Msidharau ukurasa ambao nyie hamuusomi.

Nawasikia mnasema magazeti yamekufa sababu ya simu, mnasema kama vile yamekufa yote siku moja. Hapana, yanakufa ukurasa kwa ukurasa, na wa farasi ulitangulia. Baadaye nilikuja kufuatilia hii habari kwa udadisi tu, maana yule mzee alinikaa kichwani. Uingereza walikuwa na gazeti zima la kila siku la farasi, Sporting Life, lilianza 1859, likaacha kuchapwa 1998. Likabaki Racing Post, lenyewe lilizaliwa 1986. Marekani kuna Daily Racing Form la tangu 1894, hilo nalo ni gazeti la farasi tupu. Na magazeti ya kawaida kule miji mikubwa yalikuwa na mwandishi wake wa farasi, mtu ana kiti chake, ana kofia yake, hafanyi kitu kingine. Sasa hivi viti hivyo vingi vimeondolewa.

Sababu? Watu wanataja intaneti wanaishia hapo. Ila angalia vizuri. Ule ukurasa ulikuwa unakula karatasi nyingi, unahitaji mtu anayejua, na msomaji wake alikuwa anataka namba, sio insha. Uingereza maduka ya kubeti yaliporuhusiwa mwaka 1961, kurasa za gazeti zilikuwa zinabandikwa ukutani humo dukani, watu wanasoma wamesimama. Siku namba zilezile zilipoingia kwenye simu, bure, tena zinabadilika dakika kwa dakika, yule msomaji ataenda kununua karatasi ya jana kwa lipi? Machi 2020 korona ilipofunga mbio na maduka, Racing Post lilisimama kuchapwa kabisa, mbio ziliporudi nalo likarudi. Yaani uhai wake umefungwa kamba moja na mashindano yenyewe na ukuta wa duka.

Na kwetu ni hivyohivyo, tofauti mkeka wetu wa kubeti ni wa mpira. Zamani mtu wa Chikongola alikuwa ananunua gazeti aone msimamo wa ligi, leo msimamo uko kwenye simu yake kabla ya refa hajaoga. Kwa hiyo mhariri akabana matokeo ya mikoani, kwanza yakawa nusu safu, halafu robo, halafu "kwa ufupi", halafu hamna. Mimi nilikuwepo wakati yanakatwa, nililalamika, nikaambiwa hayasomwi. Sio kweli. Mama mmoja wa Newala alikuwa anahifadhi kila gazeti lenye jina la mwanae, beki wa kushoto, hata pale tulipoandika kadi nyekundu.

3. Usitume kabla hawajapima.

Hapa ndipo nataka mkae vizuri.

Mwaka 2003, msimu wa kusi, kulikuwa na mashindano ya ngalawa hapa kwenye ghuba. Ngalawa 11. Zinaanzia ufukweni Shangani, zinazunguka boya la kwanza, zinapiga bisho, yaani kinyume na upepo, kuelekea upande wa Msanga Mkuu, zinazunguka boya la pili, zinarudi. Mimi nina miezi mitano kazini, nalipwa kwa stori, na nimeahidiwa nafasi ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa mwisho! Nilivaa shati la Idi.

Dedilaini saa kumi na moja. Mbio zilichelewa kuanza sababu mgeni rasmi alichelewa, hilo halijabadilika mpaka leo. Nimekaa chini ya turubai na soda yangu, boya la pili silioni, liko mbali na jua liko machoni. Saa kumi na dakika ishirini ngalawa ya kwanza ikaingia, tanga limejaa, watu wanapiga kelele, MC anataja jina la nahodha kwenye spika. Ya pili ikaja nyuma kama urefu wa ngalawa mbili. Nikaandika majina yote mawili, nikakimbia kutafuta simu.

Sasa sikilizeni vizuri hapa maana hili sijawahi kuliandika popote. Nikamsomea mtu wa dawati stori yangu kwenye simu, yeye anaandika. Nilipomaliza akaniuliza, "Nahodha amesema nini?" Mimi sijaongea na nahodha. Vocha inaisha, dakika zinaisha. Nikasema, "Amesema amefurahi sana, anawashukuru wanakijiji wenzake kwa kumuunga mkono." Ilitoka yenyewe, hata sikujikwaa. Nikakata simu, nikaenda kula pweza, nikajiona ndo nimefika.

Kule ufukweni nilikoondoka, nusu saa baadaye waamuzi waliokuwa na boti kule boya la pili wakarudi. Wakasema ngalawa ya kwanza haikuzunguka boya, ilikata kwa ndani. Wakabishana sana, mabaharia wake wenyewe mwishowe wakakubali. Ikafutwa. Ushindi ukaenda kwa ya pili, nahodha wake mzee wa Msanga Mkuu, umri wa kuwa babu yangu, akapewa jora la kitambaa cha tanga na pesa. Wote walikuwepo pale kasoro mimi.

Magazeti ya Jumatatu wakati ule tulikuwa tunayapata Jumanne, masika ndo usiseme. Jumanne nikaenda stendi mwenyewe kulisubiri basi, sijui chochote. Nikanunua nakala nne. Ukurasa wa mwisho, jina langu pale, herufi nyeusi. Nikatembea nalo mpaka Feri nimelikunja ile kunjwa ya kwamba jina lionekane. Pale Feri nikamkuta mzee amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na mjukuu wake kama wa darasa la tano ameshika gazeti hilohilo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndo mwandishi?"

Nikasema ndiyo, nimejaa tabasamu, mjinga mimi.

Akaniambia yeye hajui kusoma, amenunua mawili, moja la kuweka nyumbani, moja la kumpelekea binti yake Masasi, mjukuu amemsomea mara mbili na mara zote mbili amekuwa wa pili. "Labda mtoto hasomi vizuri," akasema, "hebu nisomee wewe."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti, pale Feri, watu wanashusha samaki, nasoma uongo wangu kwa mtu niliyemdhulumu. Nilipofika pale pa "amefurahi sana" akanisimamisha kwa mkono. Akauliza, taratibu kabisa, bila hasira, "Huyu aliyefurahi ni nani? Maana mimi sikusema kitu, na mwenzangu nilimwacha analia."

Hakunitukana. Natamani angenitukana. Alikunja yale magazeti mawili akampa mjukuu, akaniambia Mungu akuongoze, akaenda kwenye shughuli zake. Yule nahodha mwingine ndiye alikuja kunitafuta kwa hasira, na alikuwa na haki, kijiji kizima kilikuwa kinamwita Amefurahi Sana. Nasikia jina lilikaa naye mpaka anaacha bahari.

Tukaomba masahihisho. Yakatoka wiki iliyofuata, mistari miwili, chini ya tangazo la godoro, na jina la mzee limekosewa herufi moja. Sikuthubutu kumpelekea.

Yule mhariri wa farasi akanipigia. Nilijua nafukuzwa. Badala yake akaniuliza, "Unajua farasi wa kwanza kuvuka mstari huwa bado hajashinda?" Akanieleza. Mbio zikiisha majoki wanashuka, wanabeba matandiko yao wanaenda kwenye mizani. Kila farasi amepangiwa uzito wa kubeba, na joki akiwa mwepesi anawekewa vipande vya madini ya risasi kujazia. Sasa wakirudi lazima uzito uwe uleule walioondoka nao, ukipungua unaweza kufutwa hata kama umeshinda kwa umbali wa toka hapa mpaka Mikindani. Na kama kuna malalamiko waamuzi wanayasikiliza kwanza. Ikitangazwa kwamba wamepima, hapo ndo matokeo, hapo ndo aliyebeti analipwa. "Sisi Ngong," akasema, "ukituma jina kabla hawajapima, unatafuta kazi nyingine."

Tangu siku ile, kila nikipiga simu dawatini, kabla hata ya habari za huko, walikuwa wanapokea kwa neno moja: "Wamepima?" Mpaka wapiga chapa walijua. Nilikuwa nachukia, baadaye nikazoea, sasa hivi hakuna wa kuniuliza na nalikumbuka.

Kwa hiyo dogo, 88 sio 90, na 90 sio filimbi, na hata filimbi subiri uone refa ameandika nini kwenye ripoti. Na nukuu ambayo haikutoka mdomoni mwa mtu usiiandike, hata kama ni "nashukuru Mungu", hata kama una uhakika angesema hivyo.

4. Beba peni mbili na daftari la karatasi, chaji inaisha, peni haziishi zote mbili siku moja.

5. Bahasha ya hela: ukichukua ya kiongozi wa timu, kadi nyekundu ya beki wake utaiandika kwa mkono unaotetemeka. Mnajua ninaowasema.

6. Tunzeni matokeo.

Ndanda walipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, wakashuka 2019/20. Msimu huohuo walioshuka ndo Namungo wa Ruangwa walikuwa wanacheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, na uliofuata wakafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hayo yapo kila mahali, kila mtu anayajua. Sasa nitafutie nani alifunga mabao ya Ndanda kule chini kabla hawajapanda, madaraja ya chini, Ilulu kule Lindi, Masasi, viwanja visivyo na uzio. Mimi ninayo baadhi, kwenye madaftari, mchwa wamekula mawili. Yule farasi wa 3120P ameshakufa zamani na mpaka leo najua kwamba mbio yake ya mwisho hakumaliza. Nyie mnapost matokeo, kundi la wasap linajaa, admin anabadilisha simu, imekwenda. Haichukui hata dakika kumi kuandika kila Jumapili usiku: tarehe, uwanja, timu, mabao, wafungaji, dakika, kadi. Msiandike kwa ajili ya kutrendi, hakuna atakayelaiki.

Nilitaka kuweka na ya saba kuhusu madogo wanaomwita refa "mwamuzi wa kimataifa" kwa sababu tu amevaa saa mbili, ila nimechoka na umeme unacheza.

Na wewe dogo wa dakika ya 88, mfungaji wa lile la 92 ni nani? Umeandika "beki wao". Beki yupi, walikuwa wanne. Nipo kijiweni pale Bima mpaka saa mbili, njoo na jina.