Dume au maksai? Maswali ya wasomaji kuhusu kupima homoni za alpaka na lama

Niko Ohio, Marekani. Nilinunua alpaka wanne, na mmoja wao mwenye miaka 4 niliuziwa kama maksai. Sasa anawafukuza majike, anawakalisha chini na kuwapanda huku akitoa ule mngurumo wa dume. Nikimpapasa nyuma, mfuko wa korodani ni mtupu. Nimwache na majike au nimtenge? Kipimo cha damu kitanipa jibu?

Mtenge leo, kabla ya kipimo chochote. Hata akiwa maksai kweli, kumwacha apande si jambo salama. Alpaka na lama, wanyama wa manyoya wa Amerika Kusini walio jamaa wa ngamia, hupandana wakiwa wamelala kifudifudi, tendo huchukua dakika 20 hadi 30 kwa kawaida, na uume hupita mlango wa kizazi hadi ndani. Jike anayepandwa mara kwa mara huumia na kuingiza uchafu kwenye kizazi, na maambukizi ya aina hiyo huweza kumharibia uzazi.

Mfuko mtupu una maelezo matatu: korodani zote zimetolewa, moja imetolewa na nyingine iko kinenani au tumboni, au zote mbili hazikushuka. Tabia haiwezi kukuamulia, kwa sababu mnyama aliyehasiwa akiwa amekwisha kuzoea kupanda anaweza kuendelea na mchezo huo kwa muda mrefu. Ndiyo maana tunapima testosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa na korodani.

Kuna kanuni moja ambayo wengi huikosea: jibu la juu na jibu la chini hayana uzito sawa. Testosteroni ikitoka juu, kwa kiwango cha dume kwenye viwango vya maabara hiyo, korodani ipo mahali fulani mwilini na hakuna tena mjadala. Ikitoka chini, bado hujathibitisha kitu. Homoni hii haitiririki kama maji ya bomba. Hutoka kwa mafungu, ikipanda na kushuka ndani ya siku moja, na sindano yako inaweza kuangukia saa ambayo dume kamili yuko chini.

Kwa hiyo, jibu la kwanza likiwa la chini au la katikati, mwombe daktari wako kipimo cha kuchochea. Damu ya kwanza huchukuliwa, kisha mnyama hudungwa GnRH, homoni inayoliamsha tezi la ubongo liiamuru korodani ifanye kazi, au hCG, inayoigonga korodani yenyewe moja kwa moja. Damu ya pili huchukuliwa baadaye: kwa GnRH, saa 1 hadi 2 hutosha mara nyingi, kwa hCG baadhi ya maabara huomba pia damu ya siku zinazofuata. Dozi na saa zifuatwe kama maabara ilivyoagiza, maana viwango vyao vimejengwa juu ya utaratibu huo. Kwa mwenye korodani, testosteroni itapanda waziwazi kutoka jibu la kwanza hadi la pili. Kwa maksai haitapanda, kwa kuwa hakuna cha kuchochewa.

Kuna homoni nyingine, AMH, inayotoka kwenye seli za ndani ya korodani zinazolea mbegu. Uzuri wake ni kwamba haiyumbi ndani ya siku kama testosteroni, hivyo sampuli moja hutosha. Kwa farasi imezoeleka sana katika kumtafuta dume mwenye korodani iliyojificha. Kabla ya kuilipia, uliza maabara kama wamekwisha kuihakiki kwa alpaka na lama. Wakisema wana viwango vya farasi tu, weka pesa yako kwenye kipimo cha kuchochea.

Utasikia pia kwamba aliyehasi “aliacha kipande cha mrija” na ndiyo sababu ya ukali wa mnyama. Epididimisi, ule mrija unaohifadhi mbegu, hautengenezi testosteroni hata ukibaki mzima. Testosteroni ikiwa juu, kilichobaki ni korodani.

Ikithibitika ipo, kazi inayofuata ni ya daktari wa upasuaji: kuitafuta kwa ultrasaundi, kisha kuitoa kwa kupasua au kwa kamera ya tumboni. Joto la tumboni huua utengenezaji wa mbegu lakini haliui homoni. Kwa hiyo dume wa namna hii anaweza asizalishe na bado akawa mkali kama dume yeyote. Na kama mtu ana dume mwenye korodani moja tu nje, asithubutu kutoa ile ya nje pekee akidhani amemhasi. Anakuwa ameficha ushahidi na kuacha tatizo. Wala asimzalishe, kwani kasoro hii huhesabiwa kuwa ya kurithiwa.

Niko Uingereza. Alpaka wangu ana miezi 13. Maabara imeandika testosteroni 0.3, na muuzaji anasema hiyo inaonyesha amehasiwa. Je, ni kweli?

Hapana. Kwanza tazama kizio cha kipimo kilichoandikwa kando ya namba. Maabara za Uingereza na Ulaya huandika mara nyingi nmol/l, na za Marekani ng/ml au pg/ml. 1 ng/ml ni sawa na 1000 pg/ml, na ni sawa na 3.47 nmol/l. Kama 0.3 yako ni nmol/l, basi ni takriban 0.09 ng/ml tu. Kama ni ng/ml, ni zaidi ya mara 3 ya hiyo. Tumeona watu wakibishana juu ya majibu mawili ambayo kumbe ni kiasi kilekile.

Pili, umri. Kwa miezi 13 dume ambaye hajahasiwa kabisa anaweza kuwa na testosteroni ya chini, kwa kuwa hajabalehe. Korodani za alpaka huwa zimeshuka tangu kuzaliwa lakini ni ndogo na laini mno, na mkono usiozoea huzikosa. Hata kipimo cha kuchochea humpa mnyama wa umri huu mwitikio mdogo. Kabla ya miaka 2, kutumia homoni kuthibitisha kwamba mnyama amehasiwa ni kupoteza damu na pesa.

Ipo alama nyingine ya kubalehe. Dume huzaliwa uume ukiwa umegandana na govi, na ni testosteroni inayoachanisha polepole. Kwa alpaka wa Peru imeonekana kwamba katika umri wa mwaka 1 takriban madume 8 kati ya 100 ndio wameachana kabisa, katika miaka 2 takriban 70, na wote kufikia miaka 3. Usijaribu kuachanisha kwa nguvu. Utachubua, na kovu litakalobaki litamharibu.

Akiwa dume kweli na hutaki kumzalisha, mhasi kati ya miezi 18 na 24. Ukihasi mapema mno, mifupa mirefu huchelewa kufunga, mnyama hurefuka akawa na miguu ya nyuma iliyonyooka kama nguzo, na magoti huja kumsumbua uzeeni. Ukichelewa sana, chonge huota. Ni meno 6 makali kama wembe, 4 juu na 2 chini, ambayo madume hutumia kuraruana masikio, miguu na korodani. Baada ya kuhasi, subiri angalau mwezi 1 kabla ya kumchanganya na majike, kwa sababu mbegu zilizokwisha kutoka korodanini hubaki njiani kwa muda.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, Morogoro, na naenda mafunzo ya vitendo kwenye shamba la lama. Nimezoea ng’ombe na mbuzi. Damu ya lama inachukuliwaje?

Kitakachokushangaza ni kwamba mfereji wa shingo unaouona kwa ng’ombe haupo. Vena imezama ndani, pembeni mwa mifupa ya shingo, na ngozi ya shingo ya juu ya dume wa lama huweza kufika unene wa sentimita 1. Tumia sindano ya geji 18 yenye urefu wa karibu sentimita 4.

Una sehemu mbili. Ya juu iko pale ambapo mstari wa ukingo wa chini wa taya, ukiurefusha kwa macho, unakutana na shingo. Ngozi hapo ni nene, lakini kuna msuli unaotenganisha vena na ateri, kwa hiyo ni salama zaidi. Ya chini iko karibu na kifua: papasa mbawa ya mfupa wa sita wa shingo, inayoning’inia kama ubao kando ya koo, kisha ingiza sindano kwa upande wake wa ndani. Ngozi ni nyembamba na vena hupatikana upesi, ila ateri iko jirani kabisa. Kwa vyovyote pendelea upande wa kulia, kwa sababu umio uko kushoto.

Usinyoe manyoya ya alpaka wa maonyesho. Yalowanishe kwa spiriti, yatenge kama unavyotenga nywele kwa kitana, na ngozi itaonekana. Bana vena kwa kidole gumba chini ya sehemu unayodunga, igonge taratibu juu yake, nawe utahisi wimbi likipiga kidole. Damu ikija nyekundu sana na kwa kudunda, umeingia kwenye ateri: toa sindano na ukandamize kwa nguvu dakika 5 au zaidi, bila kufunua kuchungulia.

Tia damu kwenye tyubu tupu isiyo na jeli, kwani jeli hunyonya baadhi ya homoni na kushusha jibu. Iache igande dakika 30 hadi 60 kivulini, izungushe kwenye mashine, hamisha seramu (majimaji yanayojitenga na damu iliyoganda) ml 1 hadi 2 kwenye tyubu safi, kisha igandishe kwenye friza. Kwenye lebo andika kitambulisho cha mnyama, saa, na kama ni “kabla” au “baada” ya kuchochea. Tyubu mbili zikibadilishana majina, dume atasomeka kuwa maksai.

Tunafuga ngamia Isiolo. Kwa kuwa ni jamaa wa lama, kipimo hiki kinafaa kwa dume wa ngamia?

Kinafaa, kwa tahadhari moja kubwa. Alpaka na lama dume huweza kupanda mwaka mzima. Dume wa ngamia ana msimu: akishikwa, tezi za kisogoni hutoa uto mweusi unaonata, kaakaa laini hutoka mdomoni kama puto jekundu, hula kidogo na kukonda, na testosteroni hupanda sana. Nje ya msimu hushuka. Mpime wakati wa msimu, au tumia kipimo cha kuchochea. Na mwenye dalili hizo zote, hasa ule uto wa kisogoni, hahitaji maabara ili ujue ana korodani.

Dume wangu wa alpaka ana testosteroni ya juu lakini majike hawashiki mimba. Inawezekanaje?

Seli zinazotengeneza testosteroni siyo zinazotengeneza mbegu. Zile za kwanza huvumilia joto, zile za pili hufa upesi. Dume aliyepitia majira ya joto kali, mfuko wake ukavimba, anaweza kuendelea kupanda kwa hamu yote huku mbegu zake hazifai. Mpeleke apimwe korodani kwa kalipa, kifaa cha kupimia ukubwa (alpaka aliyekomaa huwa na karibu sentimita 4 hadi 5 kwa urefu) na achunguzwe shahawa. Zikiwa mbovu, mweke mahali pa baridi, mnyoe manyoya, kisha rudia uchunguzi baada ya siku 60 au zaidi, kwa kuwa kizazi kipya cha mbegu huchukua takriban miezi 2 kukomaa.