Kijana kakamatwa na risasi za chumba cha pamoja: asikubali kosa kabla ya kuonana na wakili

Pole sana, mama. Umesema kijana wako alikamatwa Kondele, Kisumu, katika chumba anachokaa na wenzake wawili, risasi zikatolewa chini ya godoro, na sasa anashauriwa akubali kosa kesi iishe upesi. Mwambie asikubali. Mdogo wangu alishauriwa vivyo hivyo hapa Nakuru, na nusura atii.

Soma hati ya mashtaka uone ametajiwa sheria ipi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, kifungu cha 4, inamtaka kila mwenye bunduki au risasi awe na cheti. Risasi peke yake, bila bunduki, inatosha kumfikisha mtu kortini. Kikitajwa kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, hicho hugusa hata panga, kukiwa na dalili kwamba lilikusudiwa kuvuruga amani, na kifungo chake ni miaka 7 hadi 15. Hapo si pa kutarajia faini ndogo.

Kilichomwokoa mdogo wangu ni neno "kupatikana na". Kisheria si lazima kitu kiwe mkononi mwako. Hata kikiwa kwa mwenzako, kama ulijua na ukaridhia, ni chako pia. Lakini lazima uwe ulijua, na kuthibitisha hilo ni kazi ya upande wa mashtaka. Wakili wetu alimuuliza askari: godoro lilikuwa la nani? Ufunguo walikuwa nao wangapi? Mbona alishtakiwa mmoja tu? Askari hakuwa na jibu, na hakimu akaamua mdogo wangu hana kesi ya kujibu. Nililia pale pale kortini.

Ila ilichukua muda. Ripoti ya mtaalamu wa silaha ilichelewa, kesi ikawa inatajwa na kuahirishwa tu. Kwa hiyo ombeni dhamana mapema. Katiba, ibara ya 49, inampa haki hiyo isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumnyima. Ibara ya 50 nayo inampa haki ya kuona ushahidi kabla ya kesi kusikizwa, basi dai nakala za taarifa za mashahidi.

Na leo hii, mama, nenda kwenye hicho chumba. Andika nani analala wapi, nani ana ufunguo, nani alikuwepo wakati wa msako. Sisi tulichelewa wiki mbili tu, tukakuta mwenzake mmoja ameshahama, na hatukumpata tena.