Jibu: Mbona simsikii Rick Wakeman kwenye Relayer?

Habari ndugu. Umenunua Relayer, albamu ya bendi ya roki ya Yes, ili umsikie mpiga vinanda Rick Wakeman, na unaona kama masikio yanakudanganya. Hayakudanganyi, hayumo. Anayepiga vinanda humo ni Patrick Moraz.

Kwanza angalia mwaka. Wakeman aliingia Yes 1971, akatoka 1974, akarudi 1976. Relayer ilitoka mwishoni mwa 1974, katikati ya pengo hilo. Mimi nami niliwahi kununua kwa kufuata jina la bendi, nikapotea hivyo hivyo.

Ukitaka kumsikia Wakeman, anza na albamu yao Close to the Edge ya 1972. Halafu Going for the One ya 1977, wimbo wa Awaken, na tafadhali vaa hedifoni. Ile ogani ni ya kanisa moja huko Vevey, Uswisi. Sauti ilipitishwa kwenye waya za simu hadi studio ya Montreux. Inapopanda pamoja na kwaya, mpaka leo mwili unanisisimka.

Ukitaka tungo za Wakeman mwenyewe, tafuta albamu yake The Six Wives of Henry VIII ya 1973. Na ile piano ya wimbo Life on Mars? wa David Bowie, ni yeye pia.