Mama yupo hai, na nyumba wameshaanza kuigombea

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, naishi Tandika na mama yangu, mwalimu mstaafu. Baba alishafariki. Tangu mwaka juzi akili ya mama inapanda na kushuka. Ikipanda halali, anaongea mpaka alfajiri, anagawa vitu. Mwezi uliopita alimpa cherehani yake kijana wa vyuma chakavu, bure. Nyumba yetu ina leseni ya makazi kwa jina lake, na vyumba vitatu tumepangisha. Wiki mbili zilizopita dalali alileta mtu wa kununua nyumba, mama akasaini karatasi na kupokea laki tano za kianzio. Kaka anataka tumpeleke mama kwa wakili asaini hati ya kumpa yeye mamlaka yote, halafu tumpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, akakae huko. Mjomba anasema ni majini. Mimi nataka mahakama initambue kuwa mlezi wa mama, ila naogopa. Akipata nafuu akajua nilimpeleka mahakamani, si atanilaani? Binti wa Tandika*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye cherehani. Nitairudia.

Tuanze na kinachoungua: hizo laki tano. Msizile. Hata kama luku imekata na mchele umeisha, zikae kama zilivyo, maana siku ya kuutengua ule mkataba mtatakiwa kuzirudisha nazo. Sheria yetu ya Mikataba inataka anayesaini awe na akili timamu wakati anasaini. Lakini sheria hiyohiyo inasema mtu ambaye kwa kawaida anaumwa akili, kuna vipindi anatulia, na akiwa ametulia anaweza kuingia mkataba ukashika. Kwa hiyo ugomvi wenu na huyo mnunuzi hautakuwa "mama anaumwa au haumwi". Utakuwa: siku ile, saa ile, mama alikuwaje? Kaa chini leo ukiwa bado unakumbuka. Andika usiku wa kuamkia siku hiyo alilala saa ngapi, alisema nini, ni mpangaji gani alimwona. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na barua, mnunuzi aelezwe kwa maandishi kwamba aliyemuuzia ni mgonjwa na hela yake ipo. Usiende peke yako, mchukue mpangaji mtu mzima. Madalali wa mji huu unawajua, ukizubaa wiki ijayo unaamshwa na lori la matofali.

Sasa hati ya kaka yako. Simjui, huenda nia yake ni njema. Ila anayetoa mamlaka lazima aelewe anachokitoa. Mama akisaini akiwa amepandwa, karatasi hiyo haina uzito, na wakili makini ataikataa. Akisaini akiwa ametulia, itafaa kwa muda, kisha atakapougua tena kiasi cha kupoteza uelewa, mamlaka yale yanakoma kisheria. Yaani hati hiyo inakutupa mkono palepale unapoihitaji. Na mimi mtu anayetaka mamlaka yote kwa saini moja, bila wa kumuuliza hela imeenda wapi, huwa namtazama mara mbili.

Kwetu tuliwahi kupita njia hiyo. Ndugu ya mama yangu aliumwa kama mama yako, wakubwa wakamshika dole gumba likagongwa kwenye karatasi, shamba likauzwa "ili atibiwe". Alipata nafuu. Akaishi miaka 11 mingine, akila sinia moja na waliouza shamba lake, na hakuwahi kuwauliza neno. Ningependa angewauliza.

Unachokitafuta wewe kipo. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na mahakama inaweza kumteua mtu wa kusimamia mali za mgonjwa ambaye hawezi kuzisimamia mwenyewe. Maombi ya namna hii yamekuwa yakisikilizwa Mahakama Kuu. Usichanganye na usimamizi wa mirathi. Nimeona watu wanafika kwenye Kituo Jumuishi pale Temeke, cha mahakama za mambo ya familia, wakiulizia mirathi ya mtu ambaye wamemwacha nyumbani anakunywa chai. Mirathi ni ya marehemu. Ukikosea neno hilo kwenye maombi yako, ndugu watapata la kusema kwamba mnamzika mama angali anapumua.

Kitu cha kwanza mahakama itakachokiuliza ni daktari. Sijaona popote kwenye barua yako kwamba mama ana kliniki, na hilo limenitisha kuliko dalali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke ipo karibu nanyi na ina huduma ya afya ya akili, Muhimbili nako wapo madaktari bingwa. Mpeleke. Si kwa ajili ya cheti cha mahakama. Huyo ni mgonjwa na hajatibiwa, na wenye hali kama aliyo nayo wengi hutulia wakipata dawa na kuzifuata. Huenda akatulia kiasi kwamba nusu ya unayoyaomba yasihitajike. Taarifa ya daktari itakuja yenyewe, nayo ieleze anaumwa nini na mambo gani hawezi kuyaamua kwa sasa.

Mirembe, mwambie kaka, ni hospitali. Imekuwepo Dodoma tangu 1927, na watu wanalazwa, wanatibiwa, wanarudi makwao. Si stoo ya kuwekea wazazi.

Mjomba usigombane naye. Dua ziendelee, mradi asikatishe dawa wala asimfunge mtu kamba. Tena unamhitaji, kwa sababu itabidi mkae kikao cha familia, na muhtasari wenye saini ya kaka wa mama yako una uzito mkubwa mbele ya hakimu au jaji. Kaka yako naye aitwe. Akikataa kuja, muhtasari uandike kwamba aliitwa na hakuja. Ongeza cheti chako cha kuzaliwa, barua ya mtaa, leseni ya makazi na orodha ya kila alicho nacho mama, pamoja na pensheni na kodi za vile vyumba vitatu. Hati ya kiapo mtaandikiwa na wakili. Kama hela ya wakili hakuna, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wapo hapahapa Dar na wanasaidia wasio na uwezo.

Ukiteuliwa, usijidanganye kwamba nyumba ni yako. Unaitunza. Kuiuza au kuiweka rehani bila ruhusa ya mahakama, hapana. Nunua kaunta buku, kila shilingi ya kodi iingie, kila risiti ya dawa ibandikwe, maana siku yoyote unaweza kuambiwa toa hesabu. Na mama akipona, amri hiyo inaweza kuondolewa.

Umeuliza kama atakulaani. Mwanangu, humshitaki mtu. Lakini usimfiche. Subiri siku ametulia, asubuhi baada ya chai, umwambie: mama, ukiugua watu wanakusainisha karatasi, nataka niwe nazuia. Muulize yeye angependa nani ashike mambo yake. Anaweza kukutaja wewe, anaweza kumtaja kaka yako, na ikiwa hivyo itakuuma, ila litaje jina hilo kwenye kikao. Anaweza pia kukasirika na kukutukana. Alifundisha watoto wa watu maisha yake yote, hajazoea kusimamiwa. Mwache akasirike, umrudie siku nyingine.

Na cherehani. Mtafute yule kijana. Mwezi ni mrefu, lakini cherehani nzima haiendi kwenye mizani haraka, huwa wanaiuza kwa fundi wa jirani kwanza. Zunguka mafundi wa Tandika, ukiikuta ikomboe, uirudishe palepale ilipokuwa. Akitulia ataiulizia.

Shangazi