Usiseme levodopa imeshindwa kabla hujajua kila kidonge anachomeza mzee

Mkuu, usimwachishe mzee levodopa, dawa ya Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa. Nimesoma swali lako hadi mwisho na damu imenichemka.

Unasema baba yako hapo Sakina, Arusha, anatetemeka mkono wa kulia na kuburuta mguu. Daktari kamwanzishia nusu kidonge cha levodopa na kabidopa, akatapika, duka la dawa likawapa Plasil ya kuzuia kutapika. Sasa muuzaji huyohuyo anasema kwa kuwa hakuna nafuu, basi si Parkinson, nawe unataka kuiacha levodopa. Hiyo Plasil ndiyo iliyotuponza sisi kule Machame, tulipomuuguza baba yetu.

Plasil ni metoklopramaidi. Inatuliza tumbo kwa kuziba vipokezi (milango ya kupokelea) vya dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, na inafika mpaka kwenye ubongo. Levodopa kazi yake ni kugeuka dopamini ndani ya ubongo huohuo. Unamletea mzee mgeni huku umefunga mlango kwa kufuli, halafu unasema mgeni hakuja! Tena metoklopramaidi peke yake inaweza kumkakamaza na kumtetemesha mtu asiye na Parkinson kabisa. Haloperidoli na klopromazini, dawa za magonjwa ya akili, ni vivyo hivyo, hata sinarizini ya kizunguzungu. Kwa hiyo jibu lolote unalolisoma kwa mzee wako sasa hivi halina maana: hujui kama levodopa imekataa au imezuiwa, wala hujui kama huko kuburuta mguu kumeongezwa na kidonge cha kuzuia kutapika.

Sisi tuliambiwa vilevile, "dawa haikumkubali", na mtu aliyesimama nyuma ya kaunta, hajamgusa mzee, hajauliza anameza nini kingine. Tukamwamini kwa sababu alivaa koti jeupe. Tukaiacha levodopa, tukabaki na Plasil! Baba akawa wa kugeuzwa kitandani, watu wa jumuiya wakaanza kunong'ona mambo ya kulogwa. Mpaka leo nikipita lile duka napandwa na hasira. Mtu kama hujasomea magonjwa ya mishipa ya fahamu, uza panadol, mwachie daktari kusema huu ni ugonjwa gani.

Aliyetuokoa ni daktari aliyesema, "Nileteeni mfuko wenye dawa zote." Akaitoa metoklopramaidi, kwa kichefuchefu akaandika domperidoni, ambayo haipenyi sana kwenye ubongo, akapandisha levodopa polepole. Baba alirudi kufunga vifungo vya shati la ibada mwenyewe.

Na nusu kidonge hakitoshi kupima kama levodopa inafanya kazi. Wataalamu hufika hata miligramu 1000 za levodopa kwa siku, kwa wiki kadhaa, mgonjwa akivumilia, kabla ya kutamka kwamba imeshindwa. Anayepandisha ni daktari, si wewe. Usimpe na mtori wa nyama wala maziwa, protini inagombania njia na dawa. Ameze kama nusu saa kabla ya kula. Wala usiutazame mkono peke yake, kutetemeka ndiko huwa kubishi. Tazama anavyoinuka kwenye kiti, anavyojigeuza usiku. Akiitikia vizuri, inaelekeza Parkinson, ingawa magonjwa yanayofanana nayo, kama MSA (multiple system atrophy, ugonjwa mwingine wa ubongo), nayo huweza kuitikia mwanzoni. Ndiyo maana daktari aendelee kumwona.

Kuikata levodopa ghafla kwa mtu aliyeizoea kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kunakoua. Sikutishi.

Wanaosema huku hatuna ugonjwa huu wakumbuke Wilaya ya Hai, Kilimanjaro: watafiti walipita nyumba kwa nyumba, matokeo yakachapishwa 2008, wengi wa waliokutwa nao hawakuwa wametambuliwa kabla. Wazee wamekaa tu majumbani.

Mpigie anayemhudumia baba sasa hivi. Akusomee kila pakiti iliyopo kitandani, kabatini na kwenye mkoba wa mama, hata ya usingizi, hata ya tumbo. Yaandike hayo majina, kesho asubuhi mpelekee daktari aliyeandika levodopa, umwambie habari ya Plasil kabla hujakaa.